Profesa Moshe Milevsky na hesabu za uzeeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila jina la Milevsky linapotajwa kwenye mazungumzo ya mafao na kustaafu. Yameanza na yale ya msingi, yakaishia na yale ya pembeni. Palipo na jibu tayari, utaelekezwa huko badala ya kurudiwa.

## Mtu mwenyewe

Moshe Milevsky ni nani?

Ni profesa wa fedha katika Schulich School of Business, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha York, Toronto, Kanada. Tangu miaka ya 1990 ameshughulika na swali ambalo kila mstaafu hujiuliza kwa namna yake: fedha hizi zitanifikisha? Wasomi wengi wa fedha hufundisha namna ya kulimbikiza. Yeye aliegemea upande wa pili, wa namna ya kula ulicholimbikiza ilhali hujui siku ya kufa.

Ameandika vitabu zaidi ya kumi. Vipo vya wanahesabu wenzake, vipo vya msomaji wa kawaida, na vipo vya historia ya karne ya 17. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyowashangaza watu, na ndivyo vilivyozaa karibu theluthi ya maswali ya hapa chini.

Alisomea nini?

Hisabati na fizikia kwanza, Yeshiva University, New York. Baadaye alihamia York akasoma hisabati na takwimu, na hapohapo akapata shahada ya uzamivu ya fedha. Ndipo anapofundisha hadi leo.

Njia hiyo inaeleza mengi. Wenzake wawili wa karibu katika utafiti, Thomas Salisbury na Huaxiong Huang, ni wanahisabati waliofanya kazi chuo hichohicho, na makala nyingi walizoandika pamoja zina kurasa za milinganyo ambazo mhasibu wa kawaida angezifunga haraka.

Kwa hiyo kuna kitu kinaitwa "profesa wa kustaafu"?

Kwa cheo, hapana. Yeye ni profesa wa fedha. Lakini kuna kundi la wasomi ambao kustaafu ndiyo kazi yao ya maisha: Olivia Mitchell wa Wharton, Alicia Munnell aliyeanzisha kituo cha utafiti wa kustaafu Boston College, Zvi Bodie aliyefundisha Boston University, Wade Pfau wa The American College of Financial Services. Hawakubaliani kwa kila jambo. Munnell, kwa mfano, amejikita zaidi kwenye sera na mifuko ya umma, wakati Milevsky huanza na mtu mmoja mwenye akiba yake mkononi.

Naweza kumwomba anipangie fedha zangu?

Hapana. Ni mwalimu na mtafiti, ingawa amewahi kushirikiana na kampuni za fedha (tazama swali la tontini mpya za Kanada, aina ya mifuko ya pamoja ya uzeeni). Kitabu chake hakijui deni lako la benki wala idadi ya watoto unaowasomesha.

## Hesabu zake

Hoja yake kuu ni ipi?

Kwamba kuishi muda mrefu ni hatari ya kifedha, na ni nafuu zaidi kuibeba kwa pamoja kuliko kila mtu kivyake.

Chukua mtu anayejipangia peke yake. Inambidi aweke akiba ya kumfikisha miaka 95 au 100, ingawa huenda akafa akiwa na 78. Watu elfu moja wakichanganya fedha zao, kila mmoja anahitaji kuchangia kiasi cha umri wa wastani tu, maana watakaotangulia wataacha cha kuwalisha watakaobaki. Hiyo ndiyo kazi ya anuiti: unaipa kampuni ya bima mkupuo, nayo inakulipa kila mwezi hadi ufe.

Wazo lenyewe halikuanzia kwake. Mwaka 1965 mchumi Menahem Yaari alionyesha kwa hesabu kwamba mtu asiye na nia ya kuacha urithi angepaswa kuingiza akiba yake yote kwenye anuiti. Miaka ishirini baadaye Franco Modigliani, akipokea Tuzo ya Nobel, alistaajabu kwamba karibu hakuna anayefanya hivyo kwa hiari. Milevsky aliingia hapo kati ya hesabu na tabia za watu: ununue lini, kwa sehemu gani ya akiba, na ni gharama kiasi gani ukikataa.

Akaunti yangu ya akiba ya uzeeni si ndiyo pensheni?

Kwake, hapana, na juu ya hili huwa mkali. Akaunti yenye salio inaweza kuisha. Pensheni ni ahadi ya mtu mwingine kukulipa maadamu uko hai. Kwao Kanada watu wengi wana akaunti ya RRSP, ambayo lazima ibadilishwe kufikia mwisho wa mwaka unaotimiza miaka 71. Wengi huihamishia kwenye akaunti nyingine ya kuchotea, kisha wanaamini wana pensheni. Ushauri wake ni kuigeuza sehemu ya akiba hiyo, si yote, iwe malipo ya maisha.

Ni sababu hiyohiyo inayofanya hesabu ya kuchelewa iwe na maana. Mpango wa umma wa Kanada, CPP, hukuruhusu kuanza kulipwa wakati wowote kati ya miaka 60 na 70. Ukianza na 60, malipo yako yanapungua kwa 36% ukilinganisha na ya miaka 65. Ukingoja hadi 70, yanaongezeka kwa 42%, na nyongeza hiyo ni ya maisha. Anayengoja ananunua anuiti kutoka serikalini bila kumlipa wakala hata senti.

Alimaanisha nini aliposema mtu ni hisa au hatifungani?

Kwamba mali kubwa ya kijana haiko benki, iko kwenye mishahara ambayo bado hajaipokea. Mishahara hiyo ina tabia. Ya profesa mwenye ajira ya kudumu hutabirika, kwa hiyo profesa ni hatifungani, yaani kama mkopo unaolipa riba iliyopangwa. Ya dalali wa soko la mitaji hupanda na kushuka na soko, kwa hiyo yeye ni hisa. Ukishajua wewe ni nini, akiba yako iende upande wa pili: profesa anunue hisa, dalali anunue hatifungani.

Ukiileta huku, mwalimu wa shule ya serikali anayeweka kila shilingi kwenye hatifungani za serikali ameongeza ahadi ileile kutoka kwa mtoa ahadi yuleyule. Hatari hiyohiyo kwa upande wa hisa ilionekana Marekani mwaka 2001, kampuni ya nishati ya Enron ilipoanguka. Wafanyakazi waliokuwa wameweka akiba ya uzeeni kwenye hisa za mwajiri wao walipoteza kazi na akiba kwa pamoja.

Ile milinganyo saba ya kustaafu ni ipi?

Ni ya kitabu chake cha mwaka 2012, ambacho kila sura imejengwa juu ya mtu mmoja na mlinganyo mmoja: Fibonacci, Gompertz, Halley, Fisher, Huebner, Samuelson na Kolmogorov. Kwa kifupi: fedha zitadumu muda gani, nitaishi muda gani, pensheni ina thamani gani leo, nitumie kiasi gani kwa mwaka, maisha yangu yakatiwe bima ya kiasi gani, niweke wapi akiba, na uwezekano wa kuishiwa ni upi.

Sura inayofaa kusomwa polepole ni ya Benjamin Gompertz. Alikuwa Myahudi wa London aliyefungiwa milango ya vyuo vikuu kwa dini yake, akajifundisha hisabati mwenyewe, akaishia kuwa mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya bima ya Alliance. Mwaka 1825 alionyesha kuwa kwa mtu mzima uwezekano wa kufa hauongezeki kwa hatua zilizo sawa. Hujirudufu, takriban kila miaka minane. Tuseme kwa mtu wa miaka 60 uwezekano wa kufa ndani ya mwaka ni 1%. Akifika 68 ni 2%, akifika 76 ni 4%, akifika 84 ni 8%. Ndiyo maana anuiti ya mtu wa miaka 80 humlipa vizuri zaidi kuliko ya mtu wa 60 kwa mkupuo uleule, na ndiyo maana swali la "ninunue lini" lina uzito.

Irving Fisher naye yupo kwa kejeli kidogo. Ni miongoni mwa wachumi wakubwa waliopata kutokea Marekani, na utajiri wake uliteketea kwenye anguko la soko la 1929.

Anaikubali kanuni ya asilimia 4?

Hapana. Kanuni hiyo ilitoka mwaka 1994 kwa William Bengen, mshauri wa fedha wa California: mwaka wa kwanza wa kustaafu unachota 4% ya akiba, kisha kila mwaka unaongeza kulingana na mfumuko wa bei, na kwa takwimu za masoko ya Marekani akiba yako ingedumu miaka 30.

Milevsky haoni kosa kwenye hesabu ya Bengen. Tatizo lake ni kwamba kanuni inamchukulia mtu mwenye pensheni nono sawa na asiye nayo, na inakutaka utumie kiasi kilekile hata soko likiporomoka, hata ukiwa na miaka 90. Katika makala ya 2011 aliyoandika na Huang, waliwaza wastaafu wa Sayari ya Vulcan, viumbe wa kubuni wasioongozwa na hisia, wakauliza wangetumiaje fedha zao. Jibu: wangetumia zaidi miaka ya mwanzo na kupunguza kadiri uwezekano wa kuwa hai unavyopungua, na mwenye pensheni angethubutu kuchota zaidi kwenye akiba yake kuliko asiye nayo. Mimi nakubaliana naye, ila nakiri kuwa kanuni ya Bengen ina sifa ambayo milinganyo haina: mtu anaweza kuikumbuka akiwa kwenye foleni ya benki.

"Chaguo la Titanic" ni nini?

Ni jina la makala ya 2001 aliyoandika na Steven Posner, na ndiyo iliyowakera watu wa bima kuliko zote. Kampuni za Marekani zilikuwa zikiuza uwekezaji wenye dhamana: ukifa wakati soko limeshuka, warithi wako watarudishiwa angalau ulichoweka. Ili dhamana hiyo ikufae, lazima mambo mawili mabaya yakutane, ufe na soko liwe chini.

Walikokotoa bei halali ya dhamana hiyo wakapata kati ya pointi 1 na 10, pointi moja ikiwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja ya akiba kwa mwaka. Tozo ya kawaida iliyokuwa ikikatwa ilikuwa pointi 115.

Ni kweli alikuja kubadili msimamo?

Kiasi. Miaka ya 2000 bidhaa zile zilibadilika: zikaanza kubeba dhamana ya kulipwa ukiwa hai, maisha yako yote. Alipozikokotoa aliona baadhi zinauzwa chini ya gharama halisi ya ahadi iliyomo, akaandika hivyo waziwazi. Wapo waliosema amegeuka. Anayezisoma makala zote mbili ataona kipimo ni kilekile, kilichobadilika ni bidhaa.

## Mapenzi yake: kumbukumbu za kale

Mwanahesabu anatafuta nini kwenye nyaraka za wafalme?

Hapa ndipo kazi na mapenzi yake vilipoungana. Milevsky ni mpenzi wa historia ya madeni, hasa ya Uingereza ya karne ya 17, na amezama kwenye orodha za watu waliokufa karne tatu zilizopita kujua nani alilipwa nini. Ingekuwa burudani tu kama asingekuta humo mkataba ambao, kwa maoni yake, ulikuwa bora kuliko mingi inayouzwa leo. Mkataba huo ni tontini.

Tontini inafanyaje kazi?

Watu wanachanga mtaji mara moja. Mtaji huo hauwarudii tena. Kila mwaka mfuko unatoa kiasi maalumu, na kiasi hicho kinagawanywa kwa walio hai.

Tuseme watu 100 wamechanga pauni 100 kila mmoja, na mfuko unatoa 7% kwa mwaka, yaani pauni 700. Wote wakiwa hai, kila mmoja anapata pauni 7. Wakibaki 50, ni 14. Wakibaki 10, ni 70 kwa kila mmoja, kwa mwaka, kutokana na pauni 100 alizoweka zamani. Anayelipa hapati hasara watu wakiishi mno, kwa kuwa deni lake ni zile pauni 700 tu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na anuiti, ambayo kampuni ikikosea kukadiria umri wa wateja wake inaweza kufilisika.

Jina limetokana na Lorenzo de Tonti, mtu wa Napoli aliyeupeleka mpango huo kwa Kadinali Mazarin wa Ufaransa mwaka 1653. Mahakama kuu ya Paris, iliyoitwa Parlement, ikaukataa. Ufaransa ilikuja kutoa tontini yake ya kwanza ya taifa mwaka 1689, Tonti akiwa ameshakufa.

Tontini ya Mfalme William ya 1693 ilikuwaje?

Hii ndiyo aliyoiandikia kitabu kizima mwaka 2015. William wa Tatu alikuwa vitani na Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, hazina ikiwa kavu. Serikali yake ikatangaza mkopo wa pauni milioni 1 kwa njia ya tontini. Hisa moja pauni 100, malipo 10% kwa mwaka hadi 1700, kisha 7% kuendelea. Mwekezaji alimteua mtu yeyote, na alilipwa maadamu aliyeteuliwa yuko hai. Wajanja waliteua watoto.

Zikapatikana pauni 108,100. Sababu mojawapo ilikuwemo kwenye mkataba wenyewe: milioni isipotimia, mwekezaji angeruhusiwa kuhamia kwenye anuiti ya 14% isiyopanda. Hivyo waliojitokeza walikuwa na chaguo. Uchukue 14% leo, au 10% kisha 7% itakayokua kadiri wenzako wanavyokufa? Kwa aliyemteua mzee jibu ni rahisi. Kwa aliyemteua binti wa miaka mitano aliyekwisha kupona ndui, si rahisi hata kidogo, na swali hilo ndilo lililomvuta Milevsky, maana linafanana mno na lile analoulizwa na wastaafu wa Toronto.

Mteuliwa wa mwisho alikufa mwaka 1783 akiwa na umri wa takriban miaka 100. Mkopo wa vita ya William ulikuwa bado unalipwa mikononi mwa George wa Tatu.

Jambo moja la kando: mwaka huohuo wa 1693 Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alichapisha jedwali la vifo vya mji wa Breslau na kueleza namna ya kupanga bei ya anuiti kulingana na umri. Serikali haikumsikiliza, ikaendelea kuuza kwa bei moja kwa watoto na wazee.

Watu hawakuuana ili wabaki peke yao?

Hilo ni la kwenye hadithi na filamu. Washiriki walikuwa wengi, hawakujuana, na kifo cha mmoja kiliongeza fungu la kila mwingine kwa kiasi kidogo tu. Tontini ya 1693 iliweka pia ukomo: wakibaki saba, mafungu ya watakaofuata kufa hayagawanywi tena, yanarudi serikalini. Udanganyifu uliokuwepo ulikuwa wa kinyume, wa kudai kwamba marehemu bado yuko hai.

Kwa nini tontini zilipotea?

Ufaransa ziliigharimu hazina fedha nyingi. Anuiti za taifa nazo ziliuzwa kwa bei moja kwa umri wote, na wenye benki wa Geneva wakaona mwanya: waliteua wasichana wadogo thelathini wa familia zenye afya, wakanunua anuiti juu ya maisha yao, wakauza vipande kwa umma. Wasichana waliishi. Mapinduzi ya Ufaransa ndiyo yaliyoua malipo.

Marekani, Henry Hyde wa kampuni ya Equitable aliichanganya tontini na bima ya maisha kuanzia 1868. Mteja aliyeshindwa kulipa ada alipoteza kila kitu, na fedha zilizorundikana ziliwalevya wakubwa wa kampuni. Uchunguzi wa 1905 huko New York ulifuatiwa na sheria ya 1906 iliyozizima. Milevsky anasisitiza kwamba kilichooza kilikuwa usimamizi. Hapo anatetea kwa moyo kidogo kupita kiasi, kwa maoni yangu: mkataba unaowanyang'anya walioshindwa kulipa una ubaya wake hata ukisimamiwa na malaika.

Tontini zimefufuliwa Kanada?

Ndiyo. Purpose Investments ilizindua mfuko wa aina hiyo mwaka 2021, na Guardian Capital ikafuata 2022, Milevsky akiwa mshauri wake. Msomaji ajue hilo anaposoma anavyozisifia. Kitabu chake cha 2022 kinachoeleza namna ya kuunda tontini ya kisasa, pamoja na programu za kuikokotoa, kilitolewa bure mtandaoni.

Milevsky ameandika pia juu ya mfalme aliyekataa kulipa madeni. Ni nani?

Charles wa Pili. Januari 1672, akijiandaa kupigana na Waholanzi, alisimamisha malipo ya mikopo yake. Waliompa walikuwa wafua dhahabu wa London waliofanya kazi za benki, akina Edward Backwell na Robert Vyner, na fedha zenyewe zilikuwa za wateja wao. Deni lilizidi pauni milioni 1. Kesi ya wadai iliburutwa hadi Baraza la Malordi likaiamua mwaka 1700, wengi wao wakiwa kaburini. Milevsky aliitolea kitabu mwaka 2017. Kwangu ndicho kitabu chake muhimu kuliko vyote, kwa sababu kinauliza kile ambacho milinganyo huruka: aliyeahidi atalipa kweli?

## Hesabu hizi na sisi

Tontini ndiyo ule mchezo wetu wa kuchangishana?

Msomaji wa Goma, Bujumbura au Kigali huuliza hivi kwa sababu huko kikundi cha kuchangishana huitwa tontine. Huo ni upatu, kibati, au mzunguko wa chama kama wasemavyo Kenya: kila mwezi mnachanga, mmoja anachukua, zamu inazunguka, na mwisho kila mtu amepata alichotoa. Haina habari na kifo. Tontini ya Milevsky haina zamu, na anayekufa hawaachii watu wake kitu.

Hesabu hizi zina uhusiano gani na kikokotoo cha Tanzania?

Mkubwa. Kikokotoo ni kanuni inayoamua mstaafu apewe sehemu gani ya mafao yake kwa mkupuo, na ubishi wake ni ubishi wa Yaari na Modigliani ukiwa mtaani. Kanuni za 2018 zilishusha mkupuo kuwa 25%, kinachobaki kilipwe kama pensheni ya kila mwezi. Waliozoea 50% wakapiga kelele, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisitisha. Mwaka 2022 ikaja 33%, na mwaka 2024 waliokuwa kwenye lile kundi la 50% wakapandishwa hadi 40%.

Kwa hesabu tupu za Milevsky, anayedai mkupuo mkubwa anaikataa anuiti ambayo kampuni ya bima ingemuuzia kwa bei kubwa zaidi. Lakini kuna mambo ambayo hesabu hiyo inayataka na mstaafu anayajua vizuri. Pensheni ya mwezi iongezeke bei zinapopanda. Ilipwe tarehe yake. Mfuko uwepo baada ya miaka 25. Aliyewahi kuzungushwa miezi kadhaa akifuatilia mafao yake hana haja ya kufundishwa habari za 1672. Na aliyejenga nyumba nusu anaona faida ya mkupuo kwenye kodi ya pango anayoilipa kila mwezi. Kumwita mjinga ni kukwepa swali.

Sina mwajiri, wala mfuko. Kuna changu humu?

Kuna utafiti mmoja, si wa Milevsky ila ni wa fani hiyohiyo. Laurence Kotlikoff na Avia Spivak walionyesha mwaka 1981 kuwa hata familia ndogo, ikikubaliana kwamba mzee atunzwe na atakachobakiza kiende kwa watoto, hufidia zaidi ya 70% ya faida ya soko kamili la anuiti. Wazazi wetu walilijua bila mlinganyo. Mlinganyo unaongeza onyo: mtoto akihamia mbali, akikosa kazi, au akifa kabla yako, bima hiyo imeanguka yote kwa mkupuo. Mwenye uwezo aweke na ya kwake kidogo kwenye mpango wa hiari.

## Ya pembeni

"Umri wa kibaolojia" anaoutaja ni upi?

Ni umri wa mwili, tofauti na ule wa cheti cha kuzaliwa. Watu wawili wa miaka 60 wanaweza kuwa na miili ya 52 na ya 70. Katika makala ya 2017, yeye, Huang na Salisbury waliuliza matumizi yapangwe vipi iwapo umri huo ungejulikana. Kwa Gompertz (tazama swali la milinganyo) tofauti hiyo ya miaka 18 ina maana uwezekano wa kufa umejirudufu mara mbili na ushei, yaani umezidi mara nne, kwa hiyo mpango mmoja hauwezi kuwafaa wote.

Nianzie wapi ikiwa hesabu zinanitoa jasho?

Kile cha milinganyo saba, uiruke milinganyo yenyewe, simulizi zinajitosheleza. Anayejua programu ya R kuna kitabu chake cha 2020 kinachokwenda hatua kwa hatua. Anayetaka kuifanya kazi hii asomee takwimu bima, yaani hesabu za bima na mafao, mathalani Chuo Kikuu cha Nairobi.

Nikifa mwaka wa kwanza baada ya kununua anuiti, fedha zangu zinaliwa na nani?

Zinawalisha walionunua kama wewe na bado wako hai. Kampuni imezihesabu hivyo tangu siku ya kupanga bei. Unaweza kununua anuiti yenye kipindi cha dhamana, mara nyingi miaka 10, ambayo ukifa ndani yake mwenzi au watoto wanaendelea kulipwa hadi kipindi kiishe. Malipo yako ya kila mwezi yatakuwa madogo kidogo. Ipo pia ya watu wawili, inayoendelea hadi wa mwisho afe, nayo hulipa kidogo zaidi ya hapo. Mgonjwa ajuaye hana muda mrefu asinunue yoyote kati ya hizi.